Tofali Lisilochomwa: Tafakuri Kutoka Kachibora

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi, na mara nyingi ikanipatia alama nzuri bila mimi kuwa nimetenda lolote. Nilianza kuielewa mwezi wa Desemba 2022, nyumbani kwetu Kachibora, nilipojikuta nimeketi kati ya watu wawili niwapendao, mmoja ameshika ramani na mwingine ameshika mwiko, nami nikiwa mkalimani wao ilhali sote watatu tunazungumza Kiswahili.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Kachibora ni mji mdogo ulio mashariki mwa Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Ukisimama sokoni asubuhi kukiwa hakuna ukungu, mashariki unaiona milima ya Cherang'any na magharibi, mbali sana, unauona Mlima Elgon. Kati ya milima hiyo ni mahindi, na kati ya mahindi ni matanuri ya matofali. Babu yetu alihamia huku kutoka Bungoma akitafuta shamba. Baba alirithi ekari chache na akaongeza juu yake kazi ya uashi. Yeye hufinyanga matofali yake mwenyewe, huyapanga, huyachoma, huyauza, na kwa mteja anayemwamini huenda akayajenga pia. Karo yangu ya chuo kikuu ilitoka katika tanuri hilo. Ya ndugu yangu mdogo, aliyekuwa wakati huo mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa ujenzi, ilikuwa ikitoka humo humo.

Likizo hiyo ndugu yangu alikuja na kazi aliyopewa na mhadhiri wake. Alitakiwa kusanifu jengo endelevu la kitivo cha uhandisi, ambamo wanafunzi wangejifunza kwa kutenda badala ya kusikiliza tu. Kiwanja aliruhusiwa kukichagua mwenyewe, naye akachagua kipande cha ardhi anachokifahamu tangu utotoni, kando ya barabara itokayo Kitale. Jengo lenyewe lilikuwa la kufikirika, lakini udongo, mvua na jua vilikuwa vya kweli.

Jioni ya pili aliitandaza ramani yake juu ya meza, akaizungushia vikombe ili isijikunje. "Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "nisaidie kumweleza Baba. Mimi maneno haya nayajua kwa Kiingereza tu."

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekesha. Mtoto wa mwashi, aliyelala na kuamka karibu na tanuri kwa miaka ishirini, alikuwa amefika mahali ambapo hakuweza kumsimulia baba yake kazi ya ujenzi. Nami niliyejidai kuwa mwanafunzi wa Kiswahili nilianza kwa neno la kwanza kabisa, nikakwama. Nilisema, "Baba, hili ni jengo endelevu." Baba akauliza, "Linaendelea kwenda wapi?"

Nilimweleza kuwa jengo endelevu ni lile linalotumia umeme na maji kwa uangalifu, lisiloharibu mazingira, na ambalo vizazi vijavyo vitalikuta likiwa bado na manufaa. Baba akalifikiria jibu langu kwa muda. Kisha akasema kuwa kwake yeye, nyumba ya namna hiyo ni ile ambayo mjukuu akikuta imepata ufa, anajua pa kuchota udongo wa kuuziba. Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na neno "uendelevu" katika hotuba na ripoti, huipima maana yake kwa jibu lile.

Ramani ya ndugu yangu ilikuwa ya kupendeza. Jengo lilikuwa na orofa nne, na kuta za vioo pande mbili: mashariki ili wanafunzi waione Cherang'any, na magharibi ili walione jua likizama nyuma ya Elgon. Baba aliitazama kwa heshima, kwa maana ilikuwa kazi ya mwanawe, kisha akaanza kuuliza maswali.

"Kijana wangu, jua la hapa huchomoza wapi?"

Kachibora iko kiasi cha nyuzi moja tu kaskazini mwa ikweta. Saa sita za mchana jua huwa karibu utosini, na paa hulikinga. Asubuhi na alasiri, hata hivyo, hushuka na kuzipiga kuta za mashariki na magharibi kwa ubavu, wala hakuna upenu wa kawaida unaoweza kulizuia. Jengo la vioo pande hizo lingekuwa tanuri kila alasiri ya Januari. Likiwa lingehitaji mitambo ya kupoza hewa mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambapo watu hulala chini ya blanketi mbili, lingekuwa kioja. Ndugu yangu alikuwa amelisoma jambo hili darasani. Alikiri kwamba alilisahau kwa sababu alichora akiitazama kompyuta.

"Na mashine hizi za kukereza chuma, umeziweka orofa ya tatu. Zitapandishwaje? Na zikianza kutetemeka, walio chini watasoma?"

"Na mvua ya hapa, wewe hujaiona ikipigwa na upepo? Upenu wako mfupi."

Sikulazimika kutafsiri tena. Ndugu yangu alitoa penseli, akageuza karatasi nyuma, akaanza upya. Urefu wa jengo ukaelekea mashariki na magharibi, ili madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Mashine nzito zikashuka chini, juu ya msingi wake wenyewe uliotengwa na wa kuta. Upenu ukarefuka. Walipofika kwenye maji, nami nikapata la kufanya, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo letu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 600 hupokea basi lita 600,000, na hata tukitoa moja ya tano kwa yale yanayomwagika na kukauka, hubaki lita 480,000. Baba aliniuliza mara mbili kama nimekosea sifuri.

Kuhusu hewa, ndugu yangu alitupa mfano uliomfurahisha Baba kuliko yote. Huko Turkana, kando ya ziwa, kuna chuo cha teknolojia ya habari cha Startup Lions kilichosanifiwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, na kufunguliwa mwaka 2021. Minara yake mirefu iliigwa kutoka vichuguu vya mchwa vya eneo lile: hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na hewa safi huingia kupitia matundu ya chini. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata kabla yake. Baba alisema kwamba kumbikumbi amewala maisha yake yote na udongo wa kichuguu ameukandika sakafuni miaka mingi, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba mchwa naye ni mhandisi.

Tulipofika kwenye karakana, mazungumzo yalibadilika.

Ndugu yangu aliichora karakana nyuma ya jengo, chumba kimoja, na mlango wenye kufuli. Baba aliweka kidole juu ya mlango ule akanyamaza. Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukuwa tumelisikia. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Mfumo ule ulikusudiwa kumpa mtoto ujuzi wa mikono, na wazazi kote nchini wakatakiwa kujenga karakana. Wazazi wa shule yake walichanga, wakaijenga. Randa, patasi na misumeno ikanunuliwa, ikafungiwa ndani isije ikaibiwa. Mwalimu alichora vyombo vile ubaoni nao wakavinakili. "Nilijua kuichora randa pande tatu," alisema Baba, "na nilipata alama themanini. Nilikuja kuishika mara ya kwanza Kitale, nikiwa kibarua, na mzee aliyenifundisha alinicheka kwa sababu niliishika kinyume."

Ilikuwa hadithi ya mtu mmoja, lakini ina historia pana nyuma yake. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ndiyo iliyopendekeza mfumo ule, na ndiyo iliyopendekeza chuo kikuu cha pili chenye mwelekeo wa teknolojia, kikawa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, eneo la Eldoret, mwendo mfupi kutoka kwetu. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, wananchi walichanga kwa harambee kujenga taasisi za ufundi. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walianzisha taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Watu wa Magharibi walichangia kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, Kakamega. Bungoma walikuwa na Sang'alo. Wazee wale, wengi wao wasiojua kusoma, walitoa kuku na debe la mahindi ili watoto wao wajue kutenda. Siwezi kusema kwamba hatujui thamani ya mikono. Tuliijua, tukaijengea nyumba, kisha tukaifungia ndani.

Ndugu yangu naye akaungama lake. Katika chuo chake, ambacho sitakitaja, kulikuwa na mashine moja ya kukereza iliyokuwa ikifanya kazi, na kundi lake lilikuwa la wanafunzi zaidi ya arobaini. Siku ya mafunzo walisimama wakaizunguka. Waliokuwa mbele waliona, waliokuwa nyuma wakanakili ripoti za waliokuwa mbele. "Baba," alisema, "nipo mwaka wa tatu na sijawahi kulaza tofali moja." Baba hakumkemea. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na timazi yake, akaiweka juu ya ramani.

Asubuhi iliyofuata nilimwona ndugu yangu akijenga ukuta wa mazoezi nyuma ya jikoni, uzi umekazwa, pima maji mkononi, na Baba ameketi juu ya kopo akimtazama bila kusema neno. Ukuta wa kwanza ulibomolewa. Wa pili pia. Wa tatu ulisimama wima.

Ni baada ya kuta zile ndipo karakana ilipohama kwenye ramani. Ilitoka nyuma ikaja katikati, ikawa ukumbi mmoja mrefu ambao kila anayeingia jengoni sharti aupite. Madarasa yakauzunguka na kuutazama kupitia madirisha ya ndani. Mabomba ya maji na mifereji ya nyaya viliachwa wazi, vikapakwa rangi tofauti, ili mwanafunzi avifuate kwa macho kutoka tangini hadi bombani. Boriti moja ilikusudiwa kubeba winchi ya kuinulia mizigo. Upande wa kusini palibaki uwazi ambao ndugu yangu aliuandika "ukuta wa kila mwaka": kila kundi jipya lingejenga sehemu yake pamoja na mafundi wa Kachibora, kuipima, na kuiacha inyeshewe hadi kundi lifuatalo lije kuona ilivyostahimili. Kosa la mwaka huu lingekuwa somo la mwaka ujao.

Lilibaki swali moja ambalo sote tulilikwepa. Jengo lile lingejengwa kwa tofali gani?

Ndugu yangu alikuwa ameandika jibu lake katika ripoti, na alijua kwamba nimelisoma. Aliandika kuwa tofali la kuchomwa halifai katika jengo endelevu, kwa sababu tanuri hula kuni nyingi, na kuni ni miti. Milima ya Cherang'any ni mojawapo ya chemchemi kuu tano za maji nchini Kenya. Mto Nzoia, ulioipa kaunti yetu jina, hupata maji yake kutoka huko na kutoka Elgon, ukateremka hadi Ziwa Viktoria. Mlima ukivuliwa miti, mvua huuteremsha udongo, na anayeonja uchungu wake ni mtu wa Budalang'i, aliyehamishwa na mafuriko mwaka 2020 kama alivyohamishwa mara nyingi kabla. Pendekezo la ndugu yangu lilikuwa tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini bila moto.

Hayo yote ni kweli. Nilipoyasoma kwa mara ya kwanza usiku niliafikiana nayo. Kisha nikasikia kikohozi cha Baba chumba cha pili, nikakumbuka karatasi ile iliandikwa kwa fedha ya nini.

Aliyelisema mwishowe alikuwa Baba mwenyewe. "Mama," aliniita, kama anavyoniita anapotaka ukweli, "ndugu yako ameandika nini kuhusu tanuri?" Nilimsomea, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Sikupunguza wala sikulainisha. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba bei ya kuni imemwonyesha jambo hilo kabla ya ndugu yangu. Tangu amri ya 2018 iliposimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma, alikuwa akichoma mikaratusi ya majirani kwa gharama iliyozidi kupanda. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa katika ripoti: "Sawa. Na mimi, katika jengo hilo lenu, nimekaa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Siku mbili nyumba yetu ilikuwa kimya.

Siku ya tatu ndugu yangu aliazima mashine ya kushindilia kwa fundi mmoja wa Kitale. Alimwomba Baba amchagulie udongo. Matofali ya kwanza yalikuwa mazuri machoni. Mvua isiyotarajiwa ya usiku mmoja iliyanyeshea yakiwa bado mabichi, yakabaki vifusi. Baba alicheka hadi akatoa machozi, na katika kicheko kile niliisikia nyumba ikipumua tena. Kisha akachota konzi ya udongo ule, akaubana, akausugua kati ya vidole, akasema una mfinyanzi mno na hauna mchanga.

Ndugu yangu alileta chupa, akatia udongo na maji, akaitikisa, akaiacha itulie: mchanga chini, kisha vumbi laini, kisha mfinyanzi juu. Vidole vya Baba na chupa ya chuo vilitoa jibu moja. Walitengeneza kisanduku chembamba cha urefu wa sentimita 60, wakajaza udongo mbichi, wakaupima ulivyosinyaa baada ya kukauka, na kwa kipimo hicho wakajua kiasi cha mchanga na saruji cha kuongeza. Matofali ya pili yalifunikwa na kunyunyiziwa maji kwa muda wa wiki nzima, kisha yakaachwa yakomae hadi siku ya 28. Nilikuwa nimesharudi chuoni. Baba alinipigia simu kuniambia kwamba ameliloweka moja ndani ya ndoo tangu jana na halijamung'unyika.

Swali la Baba lilijibiwa kwenye ramani. Katika ripoti ya mwisho, ndugu yangu aliongeza chumba kando ya karakana, akakiandika kwa Kiswahili, "Chumba cha Fundi". Humo angekaa fundi wa eneo, mwenye mshahara na mamlaka ya kufundisha, bila kudaiwa shahada. Sijui kama mhadhiri aliyesahihisha alikitilia maanani. Najua kwamba Baba aliisoma ripoti ile nzima, kwa kuwa safari hii niliiandika upya kwa Kiswahili.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wana Kiswahili. Nilipoifanya kazi ile nilikuwa na kamusi za istilahi mezani, ikiwemo ile ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Zilinisaidia sana. Hata hivyo maneno mengi niliyoyahitaji niliyapata kinywani mwa Baba: timazi, lenta, upenu, kenchi, kushindilia, kulaza tofali, tofali kulia maji. Yalikuwepo siku zote, yakifanya kazi tangu alfajiri hadi jioni, nasi tukiwa kwenye makongamano tukijadili kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Yamkini swali letu linafaa kugeuzwa: je, sisi tumewahi kwenda kuyasikiliza mahali yanapotumika?

Ndugu msomaji, jengo la ndugu yangu halijajengwa, na pengine halitajengwa kamwe. Lakini nimekuja kuamini kwamba jengo lolote la kufundishia uhandisi litadumu iwapo atakayelitumia na atakayelirekebisha wanaweza kusemezana. Paneli za sola juu ya paa, matangi ya mvua na minara ya hewa ni mambo mema. Siku yakiharibika, atahitajika mtu wa karibu anayeyaelewa na kuyataja kwa majina. Karakana iliyofungwa na lugha iliyofungwa ni kitu kimoja: vyote viwili humwacha mtoto akichora randa asiyoijua.

Tanuri la Baba bado lipo. Halijazimwa kabisa, kwa sababu wateja wengi bado hulitaka tofali jekundu, na karo haisubiri. Lakini aliponunua mashine yake mwenyewe ya kushindilia mwaka 2024, aliiweka mbele ya tanuri, upande wa barabarani, ambapo kila apitaye huiona. Ndugu yangu, ambaye sasa amehitimu, hurudi kila Desemba kufanya kazi naye. Mwaka jana niliwakuta wakibishana juu ya kiasi cha mchanga, kila mmoja akishika konzi yake ya udongo. Walibishana kwa Kiswahili, na hakuna aliyeniita nitafsiri.